Walikufa, Waliuliwa, Walituulia: Kitenzi kimoja katika wimbo wa kumbukumbu Kisangani

Mazoezi yalisimama kwa sababu ya kitenzi kimoja. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mvua ilikuwa imekatika tu, nasi tulijazana katika ukumbi wa parokia moja ya komini ya Tshopo. Tulikuwa korale tatu: Wakatoliki wenye ukumbi, Waprotestanti wa kartie ya jirani, na Wakimbangu. Walikuwapo pia akina mama wachache wasio na korale yoyote, waliokuja kwa sababu wana watu wao wa kukumbuka. Tulikuwa tunatayarisha wimbo mmoja wa pamoja kwa ajili ya tarehe 5 Juni. Sauti nne zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Maestro alinyanyua mkono, tukaanza ubeti wa kwanza, tukafika kwenye neno "walikufa". Mama mmoja aliyekaa mbele hakuimba neno hilo. Tulipomaliza alisema, bila kupandisha sauti: "Mimi mwanangu hakufa. Aliuliwa."

Mama huyo ni koko yangu, mzazi wa mama yangu. Mimi nilikuwa nyuma, katika besi, na nilitamani aketi kimya ili tumalize kabla ya giza. Leo naona kwamba alikuwa ametufungulia somo ambalo sikulipata darasani. Katika makala haya ninaeleza jinsi korale kadhaa zinavyoimba pamoja kukumbuka wahanga wa vita vya siku sita, na kwa nini, kazi hiyo inapofanyika, mzigo wote unaweza kuangukia kwenye kitenzi kimoja.

Siku sita

Wenzetu wengi wa mwaka wa kwanza walizaliwa baada ya vita hivyo, na wengine wametoka mbali. Basi nikumbushe kwa kifupi. Jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa marafiki. Yalikosana, yakapambana Kisangani mwezi Agosti 1999, yakapambana tena Mei 2000, na kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000 yalipigana kwa silaha nzito katikati ya watu. Mto Tshopo ulikuwa kati yao: Waganda upande wa kaskazini, Wanyarwanda upande wa mji, na daraja likagombewa. Anayekaa komini ya Tshopo anaelewa maana ya sentensi hiyo bila ramani.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kupima madhara ulihesabu makombora zaidi ya 6,600 yaliyoanguka mjini, raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi karibu 1,700, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile tunayoiita Mapping, iliandika kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760. Hapa mjini utasikia watu wakisema zaidi ya 1,000. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 na kudai majeshi hayo yaondoke Kisangani.

Mjomba wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Siku ya nne alitoka kutafuta maji. Walimzika uani, kama familia nyingi zilivyofanya, kwa sababu njia ya kwenda makaburini haikupitika. Ndiyo sababu koko hakuimba lile neno.

Kwa nini korale, na kwa nini kwa pamoja

Katika mji wetu msiba hauna kimya. Watu wakilala matangani lazima kuimbwe, na anayeimba ni korale ya marehemu au ya jamaa yake. Lakini wahanga wa siku sita hawakuwa na matanga. Hakuna aliyethubutu kukusanya watu uani wakati makombora yanaanguka. Kumbukumbu ya kila Juni, pamoja na mambo mengine, ni deni la matanga yale.

Kombora halikuuliza mtu anasali wapi, kwa hiyo korale moja haitoshi. Lakini kuunganisha korale si kujaza tu watu ukumbini. Kila moja inakuja na desturi yake. Wakatoliki wamezoea ngoma na mwendo wa mwili. Waprotestanti husoma solfa, na kila mtu anataka karatasi yake mkononi. Wakimbangu wanaamini kwamba nyimbo zao hupokelewa, hazitungwi na mtu, na hivyo hazirekebishwi ovyo ovyo. Kwa sababu hiyo tulipatana kwamba Wakimbangu wataimba kwanza wimbo wao wenyewe kama ulivyo, kisha sote tutaimba wimbo mpya ambao si mali ya kanisa lolote. Wimbo mpya una faida hiyo: kila mtu ana haki ya kuushika na kuugeuza.

Jambo la pili ni pumzi. Katika korale kubwa maestro huwafundisha waimbaji wasivute pumzi wakati mmoja. Jirani yako akivuta, wewe unashikilia, naye atashikilia utakapovuta wewe, na sauti haikatiki. Katika wimbo wa kawaida ni ufundi tu. Katika wimbo wa wahanga ina kazi nyingine. Mtu akizidiwa na machozi katikati ya mstari, ananyamaza, na mstari unaendelea. Niliwahi kumsikia koko akijaribu kutoa ushuhuda peke yake mbele ya watu. Alikatika kwenye sentensi ya pili, akakaa. Katika korale anaweza kukatika na kurudi mara tano, na hakuna anayemgeukia.

Hapo ndipo kitenzi kinapokuwa na uzito. Mtu mmoja akisema neno lisilomridhisha, ni neno lake. Watu wengi wakiliimba kwa sauti nne, limekuwa kauli ya mji.

Vitenzi vilivyokuwa mezani

Maestro alikuwa na hoja ya kweli. Mstari wake ulikuwa na noti nne mahali pale, na "walikufa" lina silabi nne: wa-li-ku-fa. "Waliuliwa", kama wengi tunavyosema hapa, au "waliuawa" la vitabuni, lina tano. Tena Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na noti ndefu ya mstari iliangukia hapo hapo. Ukiongeza silabi bila kupanga upya noti, mkazo unahama, na neno linasikika kama limevunjika mguu. Tatizo hilo, ingawa ni gumu, bado ni jepesi kuliko lile la Kilingala. Kilingala ni lugha ya toni, na muziki unaopanda mahali ambapo neno linashuka unaweza kulibadili neno. Wanafunzi wote wanajua mfano wa "moto", ambalo kwa toni na irabu linakuwa mtu, kichwa au moto wa kuota.

Lakini koko hakuwa anahesabu silabi. Kukufa ni kitenzi kisichohitaji mtendaji. Mzee aliyelala usingizini anakufa, na mti unakufa. Ukisema "walikufa", sentensi imetimia, na msikilizaji hana sababu ya kuuliza swali. Ukisema "waliuliwa", umefungua mlango: na nani? Kitenzi cha kutendwa kinaweza kumficha mtendaji, lakini hakiwezi kukana kwamba yupo.

Mmoja wa tena alipendekeza tuseme "majeshi yalipigana". Nilikipenda kitenzi hicho mpaka nilipokitazama vizuri. Kiambishi -an- hufunga mlango kabisa. Katika "walipigana" mpigaji na mpigwaji wote wamo ndani ya kiima kilekile. Wanapigana wao kwa wao, na sentensi imejaa. Mjomba wangu na debe lake la maji hana nafasi humo. Hata jina tunalotumia kila siku, vita vya siku sita, lina upungufu huo: linataja siku, halitaji watu.

Mwingine akasema basi tuimbe "vita viliwaua". Hapa kuna mtendaji, lakini tazama ngeli. Vita ni kitu. Kiambishi vi- kinakiweka pamoja na viti na vyombo, na kitu hakishtakiwi.

Kisha akina mama wakaanza kuongea kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na hapo nikatoa daftari. Mmoja alisema "baliuwa batu", yaani watu waliuliwa. Katika Kiswahili cha Kisangani tunatumia mara chache kitenzi cha kutendwa. Tunaweka ba- ya watu wasiotajwa na kitenzi cha kutenda, sawasawa na Kilingala, ambacho husema "babomaki bato". Sarufi za shule zitasema huo ni upungufu. Mimi naona ni kinyume. Katika "waliuawa" ya vitabuni, wa- ni wahanga. Katika "baliuwa" yetu, ba- ni wauaji. Hawana majina, lakini wamesimama mbele ya sentensi, na ngeli yao ni ya watu.

Kuna hatari pia. Ba- ni ileile katika "balikufa" na katika "baliuwa". Herufi mbili zinabeba marehemu katika mstari mmoja na wauaji katika mstari unaofuata, na sikio linaachiwa kazi ya kuwatenganisha.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1952 mji wa Hiroshima ulijenga mnara wa kuwakumbuka waliouawa na bomu la atomiki. Maandishi yake yalitungwa na Saika Tadayoshi, profesa wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Hiroshima. Yanaahidi marehemu kwamba kosa halitarudiwa. Lakini Kijapani kinaruhusu sentensi isiyo na kiima, na maandishi hayasemi ni kosa la nani. Mwaka huohuo Radhabinod Pal, jaji Mhindi aliyekuwa katika kesi za Tokyo, alifika pale akalalamika, kwa kuwa aliyasoma kama Wajapani wanajilaumu kwa bomu ambalo hawakulitupa. Saika alijibu kwamba kiima ni wanadamu wote. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Mwalimu wa lugha aliandika sentensi moja, na mji mzima ukabaki na kazi ya kuchambua sarufi.

Kiswahili cha nani?

Kabla hatujapata suluhisho, kijana mmoja wa sauti ya tena alitoa swali lililotunyamazisha: kwa nini tuimbe kwa Kiswahili? Kilingala ndicho kinachosikika zaidi barabarani. Tena, alisema, askari wa mwaka 2000 walitoa amri kwa Kiswahili. Baba yake aliambiwa "lala chini" kwa lugha hii.

Hakukosea. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko yetu karne ya kumi na tisa pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Kilingala nacho hakikuja na mikono mitupu: kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la wakoloni. Machi 1997, AFDL ilipoingia mjini, Kiswahili kilirudi tena na bunduki. Tukitafuta lugha ya Kisangani ambayo haijawahi kutoa amri, labda tutabaki na lugha za vijijini, ambazo hatuzijui sote.

Aliyemjibu kijana ni koko. Alisema, kwa maneno ninayoyakumbuka vizuri: "Mwanangu alinijibu kwa Kiswahili alipotoka. Alisema 'narudi sasa hivi'." Kisha akanyamaza. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Pole, koko." Hatukupiga kura. Tulipatana ubeti wa mwisho uwe wa Kilingala, ili mtu yeyote asikose mahali pa kusimama.

Silabi sita

Suluhisho lilitoka kwa mama mwingine, muuza mihogo, ambaye hakujua kwamba anatoa suluhisho. Alikuwa anamwelezea jirani yake habari ya familia yake, akasema "balituuliya batoto". Kwa Kiswahili cha karatasi zetu: walituulia watoto.

Tunasoma kauli ya kutendea kila mwaka, na mifano ni ileile: kumpikia mgeni, kumwandikia rafiki barua. Darasani inaonekana ni kauli ya wema, ya kumfanyia mtu jambo. Lakini hutumika pia kwa madhara. Kutokana na kufa tunapata kufia, kisha kufiwa, na aliyefiwa anakuwa kiima cha sentensi ingawa si yeye aliyekufa. Kutokana na kuua tunapata kuulia. Mtu akikuulia ndugu, jambo limetendeka kwa wawili: ndugu ameondoka, nawe umeachwa.

Hesabu waliomo ndani ya neno hilo. Wa- ni waliotenda. -Tu- ni sisi tuliobaki. Baada ya kitenzi wanafuata waliouawa, kila familia na wa kwake: watoto, ndugu, wazazi. Katika "walikufa" yupo mmoja tu. Katika "waliuliwa" wako wawili, mmoja amejificha. Katika "walituulia" wote watatu wamo.

Tulibishana bado juu ya wa-. Je, tuwataje? Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilikwisha kuitaja Uganda katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni za madhara kwa watu. Kuhusu Rwanda, tarehe 3 Februari 2006 mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Kwa hiyo hata mbele ya majaji, sentensi ya Kisangani ina kiima kimoja kilichoandikwa na kingine ambacho hakikuweza kuandikwa.

Maestro alikataa tusitaje taifa lolote katika wimbo, na baada ya kufikiri nimekubaliana naye. Tarehe 14 Mei 2002 askari walioasi ndani ya RCD-Goma waliteka redio ya mji wakaita wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Watu kadhaa waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda waliuawa. Kisha RCD-Goma ililipiza, watu wengi wakauawa, na maiti zikatupwa mtoni kutoka daraja la Tshopo, daraja lilelile. Ripoti na hukumu zina nafasi ya kueleza jeshi gani, kamanda gani, siku gani. Wimbo hauna nafasi hiyo. Jina la taifa likiimbwa na umati linaweza kumwangukia jirani. Wa- yetu inasema kwamba waliotenda ni watu, si vita, na inaacha majina yatajwe mahali ambapo yanaweza kuthibitishwa.

Irabu mbili

Baki tatizo la muziki. "Walituulia" lina silabi sita: wa-li-tu-u-li-a. Maestro aligawa noti mbili za mwanzo, akapata nafasi. Tuliimba. Koko akatikisa kichwa tena.

Safari hii hata mimi nilisikia. Waimbaji tulikuwa tunazimeza u mbili na kuzifanya moja. Badala ya "walituulia", ukumbi mzima ulikuwa unaimba "walitulia". Irabu moja ikidondoka, waliotuulia watoto wamekuwa watu waliotulia, wamepoa, wamekaa kimya.

Katika mazungumzo kosa hilo halitokei, kwa kuwa maana inasaidia sikio, na Kiswahili chetu cha Kisangani huongea polepole mahali pale. Katika wimbo, noti zikifuatana kwa sauti moja, irabu zinazofanana huungana zenyewe. Dawa yake ni ya kazi tu. Maestro aliiweka u ya pili juu kidogo ya ile ya kwanza, ili koo lilazimike kuhama. Tulirudia neno hilo moja, sauti moja moja: sauti ya kwanza, ya pili, tena, besi. Besi tulirudishwa mara nyingi kuliko wengine. Saa kumi na mbili umeme ulikatika, tukaendelea gizani, kwa sababu neno hilo halikuhitaji karatasi.

Tarehe 5 Juni niliimba nikiwa mistari mitatu nyuma ya koko. Sikuweza kumsikia yeye peke yake. Lakini tulipofika pale, nilisikia u mbili, moja chini na moja juu, na mstari ukaendelea.

Naandika haya kwa wenzangu wa Kitivo kwa sababu korale za mji huu zina mamia ya maneno ya namna hiyo, yaliyochaguliwa na watu ambao hawakusoma isimu na ambao wanazeeka. Akina mama waliokuwa katika ukumbi ule wanajua kwa nini neno moja lilikataliwa na jingine likapita. Karatasi za maestro zinaonyesha tu neno lililopita. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka aende kwenye mazoezi Jumamosi alasiri, akae nyuma, na asikilize mahali wimbo unaposimama.